Rovu limepungua, lakini homoni za watoto wetu bado ziko hatarini

Wenye umri wa miaka hamsini na kuendelea wanawakumbuka watu waliokuwa na uvimbe mkubwa shingoni, ule unaoitwa rovu. Vijana wengi wa leo wameuona kwenye picha tu. Hayo ni mafanikio ya kweli, na yameletwa na kitu kinachouzwa katika kila duka la kijiji: chumvi iliyoongezwa madini joto.

Lakini kwa sababu shingo hazivimbi kama zamani, tumeacha kuuliza kuhusu tezi iliyo ndani ya shingo hizo. Chumvi ambayo hakuna aliyeipima bado inauzwa kwa kopo kwenye magulio. Mtoto aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi anaweza kufikisha mwaka mzima bila kupimwa. Na kijana wa machimboni anayetetemeka mikono ataambiwa ni zebaki, au ni pombe, au amerogwa, kabla mtu yeyote hajafikiria homoni.

Katika makala haya tunaeleza tezi hiyo inafanya kazi gani, chumvi imetufikisha wapi, ni magonjwa gani ambayo chumvi haiwezi kuyatibu, na nini kinaweza kufanyika hapa kwetu Shinyanga na Geita.

TEZI NDOGO, KAZI KUBWA

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Umbo lake ni kama la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kemikali ambazo mwili huzituma kwa njia ya damu kupeleka amri sehemu nyingine. Homoni za tezi hii ndizo zinazopanga mwendo wa mwili mzima: moyo upige kwa kasi gani, mwili uwe na joto kiasi gani, tumbo lisage chakula haraka au polepole, mtoto arefuke, na ubongo wake ukue.

Ili kutengeneza homoni hizo, tezi inahitaji madini joto, ambayo wataalamu huyaita iodini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mama mjamzito au anayenyonyesha. Hicho ni kiasi kidogo sana. Madini yote anayohitaji mtu tangu kuzaliwa hadi uzee hayajazi kijiko cha chai. Tatizo ni kwamba mwili hauwezi kuyaweka akiba ya muda mrefu, hivyo ni lazima yapatikane kidogo kidogo, siku zote.

Yanapokosekana, tezi hujitanua ili ikamate hicho kidogo kilichopo. Hapo ndipo rovu linapotokea. Lakini rovu ni sehemu ya tatizo inayoonekana tu. Madhara makubwa zaidi yanatokea tumboni mwa mama. Katika miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto hana homoni zake mwenyewe za thairoidi. Anategemea za mama yake. Mama akipungukiwa sana, ubongo wa mtoto unajengwa kwa vifaa pungufu, na pengo hilo halizibiki baadaye. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema upungufu wa madini joto ndio sababu kubwa kuliko zote duniani ya madhara ya ubongo yanayoweza kuzuilika.

JINSI CHUMVI ILIVYOTUFIKISHA HAPA

Katika miaka ya 1980, rovu lilikuwa tatizo la taifa. Takwimu za wakati huo zilionyesha kuwa takribani robo ya watu waliopimwa walikuwa nalo. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye nyanda za juu, ambako mvua imeosha madini joto kutoka kwenye udongo kwa karne nyingi.

Serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, ilianza na njia ya dharura. Kuanzia mwaka 1986, watu katika wilaya 25 zilizoathirika zaidi walipewa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Kidonge kimoja kilikusudiwa kumlinda mtu kwa muda mrefu. Kisha ikaja njia ya kudumu: kanuni za mwaka 1994 zilizotaka chumvi ya kuliwa na watu iongezwe madini joto.

Matokeo yalionekana. Mwaka 2004, wanafunzi wa shule za msingi walipopimwa nchi nzima, waliokuwa na rovu walikuwa kama asilimia 7. Kutoka robo hadi asilimia 7, ndani ya miaka isiyozidi ishirini na kitu.

Je, akili za watoto nazo zilinufaika? Mwaka 2009, watafiti Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Tanzania ambao mama zao huenda walikuwa wamekinga mwili kwa vidonge hivyo wakati wa ujauzito. Walihitimisha kuwa watoto hao walisonga mbele shuleni kwa wastani wa kama theluthi hadi nusu mwaka zaidi ya wenzao, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Miaka iliyofuata, watafiti wengine walizipitia upya hesabu hizo na kusema matokeo hayakuwa imara kiasi hicho. Tunayataja yote mawili ili tusimwahidi mzazi kwamba chumvi pekee itamfaulisha mtoto wake. Ila jambo moja halina ubishi: upungufu mkubwa wa madini joto wakati wa ujauzito unaharibu ubongo wa mtoto.

KWA NINI KAZI HAIJAISHA

Kuwa na chumvi yenye madini joto ni jambo moja, na kuwa na madini ya kutosha ni jambo jingine. Tafiti za kitaifa za muongo uliopita zilionyesha kuwa kama kaya sita tu kati ya kumi zilikuwa na chumvi yenye kiwango kinachotakiwa, yaani angalau miligramu 15 za madini joto kwa kila kilo inapofika jikoni. Nyingine zilikuwa na chumvi yenye madini kidogo mno, au isiyo nayo kabisa.

Sababu ya kwanza ni uzalishaji. Viwanda vikubwa vina mashine za kunyunyizia dawa ya madini joto kwa vipimo. Mzalishaji mdogo mwenye mashamba ya chumvi pwani, au anayekusanya chumvi ya asili kandokando ya maziwa ya bara, mara nyingi hana mashine hiyo wala dawa yenyewe. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunalielewa hilo kwa historia yetu. Wazee wa Usukuma walisafiri kwa miguu kwenda Ziwa Eyasi kuchota chumvi, na safari hiyo ilikuwa heshima kwa kijana. Lakini chumvi ya kuchotwa ziwani, na pia magadi, haviongezwi madini joto.

Sababu ya pili ni uhifadhi. Madini joto hupotea chumvi ikikaa juani, ikipata unyevu, au ikioshwa. Chumvi ya mawe inayouzwa kwa kopo kutoka kwenye kiroba kilicho wazi inaweza kuwa ilitoka kiwandani ikiwa salama, na ikafika jikoni imepoteza sehemu kubwa.

Sababu ya tatu ni imani kwamba samaki anatosha. Ni kweli kwamba samaki wa baharini wana madini joto mengi. Sangara, sato na dagaa wetu ni wa maji baridi, na wana madini hayo kwa kiasi kidogo zaidi. Mlo wa samaki kila siku kutoka Ziwa Victoria ni mzuri kwa mwili, lakini hauchukui nafasi ya chumvi yenye madini joto.

Sababu ya nne iko kwenye ugali wenyewe. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri unabaki na sumu ambayo mwili ukiivunja hutoa kemikali inayoizuia tezi kukamata madini joto. Hili lilifahamika vizuri kutoka kisiwa cha Idjwi, kwenye Ziwa Kivu, Kongo. Miaka ya 1960 watafiti walikuta upande wa kaskazini wa kisiwa zaidi ya nusu ya watu wana rovu, na upande wa kusini wachache sana, ingawa madini joto yalikuwa haba kisiwa kizima. Uchunguzi ukaelekea kwenye muhogo. Habari njema ni kwamba utaratibu wetu wa udaga, wa kuvundika muhogo kwa siku kadhaa kisha kuuanika hadi ukauke, hupunguza sana sumu hiyo. Hatari inakuja mwaka wa njaa, watu wanapofupisha siku za kuvundika. Mwaka huo huo ndio ambao familia hutafuta chumvi ya bei ya chini kabisa.

Usimamizi wa ubora wa chakula, chumvi ikiwemo, ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019. Sheria ipo. Kinachohitajika ni maofisa afya wa halmashauri kupita kwenye magulio na kipimo cha haraka cha chumvi, ambacho tone lake hugeuza rangi kuwa ya bluu au zambarau penye madini joto. Diwani wako anaweza kuuliza kwenye baraza: mara ya mwisho chumvi ya kata hii ilipimwa lini?

Tuonye pia upande wa pili. Madini joto yakizidi ghafla nayo yana madhara. Miaka ya 1990, Zimbabwe na Kivu ya Kongo zilipata wagonjwa ambao tezi zao zilianza kufanya kazi kupita kiasi baada ya chumvi yenye madini mengi kuingia sokoni. Hivyo dawa si kula chumvi nyingi, ambayo pia hupandisha shinikizo la damu. Dawa ni chumvi ile ile kidogo, iliyowekwa madini kwa kipimo sahihi.

UGONJWA AMBAO CHUMVI HAIPONYI

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Si kila ugonjwa wa thairoidi unatokana na chumvi.

Kwanza, kuna watoto wanaozaliwa na tezi iliyoshindwa kukua, au isiyoweza kutengeneza homoni, hata kama mama alikula vizuri. Duniani hutokea kwa takribani mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000. Mtoto huyu anapozaliwa huonekana mzima, kwa sababu bado ana homoni kidogo za mama. Baadaye anakuwa mpole mno, hulala sana, hanyonyi vizuri, choo ni kigumu, macho na ngozi ni vya njano kwa wiki nyingi, ulimi ni mkubwa, kitovu kimechomoza, sauti ya kulia ni nzito. Wazazi husema, "Mtoto wetu hasumbui." Akianza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kawaida anakua na akili zake timamu. Akichelewa kwa miezi mingi, atarefuka akipewa dawa, lakini ubongo hautarudishwa wote.

Pili, kuna mtoto wa shule ambaye tezi yake inapungua nguvu polepole. Anaacha kurefuka, anapitwa na mdogo wake, anahisi baridi wakati wenzake wanatoka jasho, anasinzia darasani, na balehe inachelewa. Hapa Tanzania, utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wengi kwa sababu ya lishe na maradhi ya mara kwa mara. Kwa kuwa udumavu ni jambo la kawaida, mtoto mwenye tatizo la homoni anajificha humo humo. Dalili ya kutilia shaka ni mtoto aliyekuwa akikua vizuri, kisha akasimama ghafla.

Tatu, kuna kijana, mara nyingi msichana au mama mdogo, ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Moyo unakwenda mbio hata akiwa amekaa. Anakula sana lakini anakonda. Anatoka jasho, hapati usingizi, mikono inatetemeka, na wakati mwingine macho yanatokeza. Wengi huanza kupimwa VVU na kifua kikuu kwa sababu ya kukonda. Ni sawa kupima hayo, ila yakionekana hayapo, safari isiishie hapo.

MACHIMBONI: KUTETEMEKA KWA AINA MBILI

Kwa Geita na Kahama, kuna jambo linalofanya uchunguzi kuwa mgumu zaidi. Wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, na moshi wake huingia mwilini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Umoja wa Mataifa chini ya shirika la UNIDO ulipima afya za watu wa Rwamagasa, wilayani Geita, na waliokuwa wakichoma ndio waliokutwa wameathirika zaidi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi na zebaki katika machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki.

Sumu ya zebaki hushambulia hasa mishipa ya fahamu na figo. Dalili yake kubwa ni kutetemeka, pamoja na kukosa usingizi, hasira za haraka na kudhoofu. Ukizilinganisha na dalili za tezi inayofanya kazi kupita kiasi, utaona zinafanana sana. Kwa hiyo kijana wa mwaloni anayetetemeka anaweza kuwa na zebaki, anaweza kuwa na thairoidi, na anaweza kuwa na vyote viwili.

Kuna vitu vinavyosaidia kutofautisha. Moyo kwenda mbio, joto jingi mwilini, macho kutokeza na kukonda huku mtu akila sana vinaelekeza kwenye thairoidi. Mate mengi, ladha ya chuma mdomoni, fizi kuuma, kusahau na kuyumba vinaelekeza kwenye zebaki. Lakini jibu la uhakika linatoka maabara: damu kwa thairoidi, na mara nyingi mkojo kwa zebaki. Ukienda hospitali, mwambie daktari kazi unayofanya bila kuficha. Na ukiambiwa ni zebaki, uliza pia kama thairoidi imepimwa.

Wengine hutuuliza kama zebaki yenyewe huleta ugonjwa wa thairoidi. Zebaki inaweza kujikusanya kwenye tezi hii. Ilikutwa hivyo katika miili ya wachimbaji wa zebaki wa Idrija, nchini Slovenia. Lakini kujikusanya si sawa na kusababisha rovu. Kwa hiyo mtu asiache kununua chumvi bora akidhani tatizo ni machimbo, wala asiendelee kuchoma zebaki uani kwake akidhani chumvi itamlinda. Moshi huo ukae mbali kabisa na watoto na wajawazito.

HOMONI NYINGINE ISIYOSUBIRI

Hatuwezi kuzungumzia homoni za watoto bila kutaja insulini. Mtoto anayeacha kutengeneza homoni hii anapata kisukari, na kwake hakisababishwi na kula sukari nyingi. Anakunywa maji mno, anakojoa mno, anarudia kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, na anakonda. Baadaye anatapika na kupumua kwa nguvu, na hapo hudhaniwa ana malaria au nimonia. Huyu ana siku chache tu. Kipimo cha sukari cha kidoleni kinachukua dakika moja. Mtoto yeyote anayetapika na kupumua hivyo apimwe sukari, hata kama kipimo cha malaria kimesoma kuwa anayo.

KADI YA DAMU TAYARI INASAFIRI

Kipimo cha thairoidi kinaitwa TSH, herufi zile zile za shilingi yetu. Katika nchi nyingi tajiri, tangu miaka ya 1970, kila mtoto mchanga huchomwa kisigino, tone la damu linawekwa kwenye kadi, na kadi inapelekwa maabara. Kwetu kipimo hiki hakijawa sehemu ya kawaida ya huduma kwa watoto wachanga.

Je, ni ndoto? Si lazima. Zahanati zetu tayari hukusanya matone ya damu kwenye kadi kwa watoto waliozaliwa na mama wenye VVU, na kadi hizo husafirishwa hadi maabara, ikiwemo ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza. Watafiti wa Bugando walitumia kadi hizo hizo kupima selimundu kwa zaidi ya watoto 17,000 kutoka mikoa tisa ya kaskazini magharibi, na wakakuta takribani asilimia 1.2 wana ugonjwa huo. Walifanya hivyo bila kumchoma mtoto hata mmoja mara ya pili.

Kwa thairoidi ingebidi mambo mawili yabadilike: kadi ichukuliwe siku za kwanza, si baada ya wiki sita, na ichukuliwe kwa watoto wote. Hayo yana gharama. Lakini barabara ambayo kadi itapita ipo tayari. Na jibu likirudi, tiba ni kidonge kimoja kwa siku cha homoni ya thairoidi, maisha yote. Hapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapaswa kupimwa: je, mtoto wa Ushetu au Nyang'hwale atakipata kidonge hicho karibu na kwao kila mwezi, au atalazimika kusafiri hadi Mwanza?

UNACHOWEZA KUFANYA SASA

Nunua chumvi iliyofungwa na kuandikwa kuwa ina madini joto. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na moto. Iweke kwenye mboga mwishoni mwa kupika.

Ukiwa mjamzito, wahi kliniki mapema. Kama umewahi kuwa na rovu au kutumia dawa za thairoidi, mweleze muuguzi siku ya kwanza.

Vundika muhogo kwa siku zote zinazotakiwa, hata kama chakula ni haba.

Mtoto mchanga "asiyesumbua", mwenye manjano ya muda mrefu na choo kigumu, apelekwe hospitali ya wilaya. Beba kadi yake ya kliniki. Mstari wa ukuaji uliosimama unamweleza daktari mengi.

Aliyepewa dawa za thairoidi asiziache kwa sababu amepata nafuu. Nafuu hiyo inatokana na dawa. Uvimbe wa shingo usichanjwe wala kupakwa dawa za kuunguza. Kuna mishipa mikubwa ya damu hapo.

Muuza duka naye ana nafasi yake. Akiagiza chumvi iliyopimwa na kukataa kiroba kisicho na jina la mzalishaji, atakuwa amekinga wateja ambao hata hawajazaliwa.